Kilomita Tano za Mama Mkwe

Mimi nina mdomo. Watu wa mtaani wanasema ukitaka sofa lako litengenezwe vizuri nenda kwangu, lakini kama una haraka ya kurudi nyumbani tafuta fundi mwingine. Na mdomo huohuo ndio ulioniingiza kwenye mbio, mimi niliyekuwa nikipanda ngazi tatu za kibaraza chetu huku nimeshika ukuta.

Ilikuwa jioni, tumekaa mezani. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye tangu macho yalipoanza kumtupa mkono, alikuwa akikitafuta kikombe chake kwa vidole. Kikombe kilikuwa palepale mbele yake. Akakigonga, chai yote ikammwagikia mapajani. Mke wangu akaruka na kitambaa, anampangusa mama yake huku amejiuma mdomo ili asilie.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa wodi ya macho alishatueleza kwa lugha ambayo hata kiti kingeelewa: upasuaji mdogo, anaingia asubuhi, anatoka kesho yake. Lakini akaongeza kwamba tukizidi kuchelewa, itafika mahali hata yeye hatakuwa na la kufanya.

"Mama, twende basi," mke wangu akasema.

"Jicho langu haliguswi na kisu," mama mkwe akajibu. "Mimi na giza langu tumeshazoeana."

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili zake angechukua mkate akajaza mdomo. Mimi nikasema, "Mama, wewe unaogopa tu."

Jamani! Mtu hasemi hivyo na mama mkwe wake. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini maji yalishamwagika.

"Mimi naogopa?" Mama mkwe akageuza uso upande wangu. "Na wewe, baba, lini ulifanya jambo unaloliogopa? Nakusikia unavyopanda hizo ngazi. Ngazi tatu tu, unapumua utadhani umebeba kabati."

Damu ikanipanda. Karakana kwetu kulikuwa na tangazo ukutani la mbio za hisani, kilomita tano, za kuichangia wodi hiyohiyo ya macho. Nilikuwa nimelisoma wiki nzima kama mtu anavyosoma tangazo la kiwanja kinachouzwa mwezini.

"Basi nitakimbia mbio za wodi ya macho!" nikabwata. "Zote! Kilomita tano!"

Mama mkwe akacheka mpaka akashika meza. Alipomaliza kucheka akafuta machozi, akawa makini ghafla. "Haya. Ukizimaliza bila kusimama na bila kutembea hata kidogo, mimi mwenyewe nitakwenda kulala kwenye kitanda chao, wanipasue. Ukitembea, mtu asinitajie tena upasuaji ndani ya nyumba hii mpaka nife. Umekubali?"

"Nimekubali."

Tulipoingia chumbani mke wangu alifunga mlango taratibu, na mimi ninavyomjua, akifunga mlango taratibu ujue kumekucha. "Umecheza kamari na macho ya mama yangu," akasema. Hakupaza sauti. Nilikaa kitandani, nikalitazama tumbo langu, na kwa kweli niliogopa.

Asubuhi nikamfuata Redio. Redio ni mwenzangu karakana, anashona vitambaa vya sofa, na jina hilo tulimpa kwa sababu hazimiki. Yeye ni mkimbiaji wa siku nyingi, ndiye aliyelibandika lile tangazo. Nilipomweleza, aliacha cherehani, akacheka, akarudi kushona, akacheka tena.

"Fundi, una miezi miwili na ushee," akasema. "Kufa hutakufa. Ila utatamani."

Siku ya kwanza tulitoka langoni kwangu hadi duka la dawa, pale tu, unaweza kumwita mtu akasikia. Nilifika nikamkumbatia mwenye duka aliyekuwa akifungua kufuli. Sikumkumbatia kwa mapenzi, nilikuwa nahitaji kitu cha kushika. Akaniuliza nataka dawa gani. Redio akamjibu kwamba huyu dawa yake haijatengenezwa bado.

Tukaendelea hivyohivyo. Tunakimbia kutoka nguzo ya taa hadi nguzo ya taa, tunatembea nguzo moja, tunakimbia tena. Redio anaongea njia nzima, habari za shangazi yake, za bei ya uzi, za jirani aliyenunua kochi lisilopita mlangoni, na mimi siwezi kumjibu hata neno. Mke wangu alisema ilikuwa mara ya kwanza tangu tuoane mtu kuninyamazisha.

Kisha nikafanya ujinga wa kifundi. Sisi mafundi wa sofa tuna ugonjwa mmoja: tukiona kitu kigumu, mkono unawasha kukiwekea sponji. Magoti yalikuwa yakiniuma, nikajiambia, kwani tatizo ni nini? Nikakata sponji nene, ile ya kukalia wageni, nikaibandika ndani ya viatu kwa gundi. Hatua za mwanzo nilijiona malaika. Kidogo nikaanza kuyumba kama mtu anayekimbia juu ya godoro, na kwenye kona ya fundi baiskeli kifundo cha mguu kikapinda, nikakaa chini katikati ya barabara. Redio alinyamaza kwa mara ya kwanza. Akanivua kiatu, akakichungulia ndani.

"Fundi," akasema, "hiki ni kiatu au ni sebule?"

Nililala wiki nzima mguu juu ya mto. Na hapo ndipo nilipomjua mama mkwe vizuri. Huruma yake ilikuwa kubwa kupita kiasi. Alikuja mwenyewe akipapasa ukuta, na beseni la maji ya moto yenye chumvi, akaniweka mguu ndani kama mtoto.

"Pole, baba. Labda ni ishara."

"Ishara ya nini, mama?"

"Ya kukaa."

Nilipopona ndipo vita vilipoanza rasmi. Nikifunga kamba za viatu, nasikia kutoka kibarazani: "Haraka haraka haina baraka, baba." Nikifungua lango: "Mwenda pole hajikwai." Sijui methali zote za kwenda polepole alizitoa wapi, lakini hakurudia moja mpaka alipozimaliza. Na chakula! Kila jioni alikuwa akimwagiza mke wangu, "Mwongezee baba viazi, amechoka." Mkwe akikukaribisha chakula unakataaje? Nikala. Nikaongezwa. Nikala tena. Mpaka siku moja mke wangu akaiondoa sahani mbele yangu, akamwambia mama yake, "Mama, acha hizo. Nimeshakugundua." Mama mkwe akaulizia chumvi.

Kilichoniudhi zaidi ni masikio yake. Macho yalipomwacha, masikio yalichukua kazi yote. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti chake kibarazani akinisubiri nirudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umetembea kuanzia kwa fundi baiskeli. Pumzi yako imefika imepoa."

Na ni kweli! Kumdanganya haikuwezekana. Nilijaribu mara moja kuhema kwa nguvu langoni, akaniuliza kama nimeanza kupata pumu.

Basi ikabidi nikimbie kweli. Nguzo za kutembea zikapungua, kisha zikaisha. Nikaanza kupita duka la dawa bila kuliangalia, mwenye duka akinipungia mkono. Nikaanza kumjibu Redio, kwanza neno moja, halafu sentensi, na siku nilipomkatiza habari ya shangazi yake alisimama akanipigia makofi. Jamani, nilianza kupenda. Mimi! Nilikuwa naamka kabla ya saa kulia, nasikia miguu inataka kutoka.

Asubuhi moja nilifika langoni nikaona bado nina nguvu, nikapitiliza hadi kwenye tangi la maji, nikageuza. Niliporudi, mama mkwe hakuitikia salamu mara moja.

"Umepita hapa ukaendelea," akasema. "Nilidhani ni mtu mwingine."

"Ni mimi, mama."

"Nimesikia." Akavuta shuka lake mabegani, na siku ile hakuniambia methali yoyote. Jioni hakumwagiza mtu aniongezee viazi, na yeye mwenyewe hakumaliza vyake. Nilitaka kufurahi nikashindwa. Nikamwambia mke wangu, "Mama anaogopa kweli." Akanijibu, "Kimbia tu."

Siku ya mbio ikafika. Uwanja umejaa watu wenye fulana nyeupe za wodi ya macho, wengine wembamba kama sindano za Redio, wengine tunafanana mwili tukapeana moyo kwa macho. Mama mkwe alikuwa amekuja. Alikuwa ameulizia njia yote inavyokwenda, na aliposikia kwamba kabla ya kumaliza kuna mlima mrefu wa kwenda shule ya sekondari, akamwambia mke wangu, "Niwekeeni kiti changu huko juu. Pale ndipo atakapofia." Wakampeleka na kiti chake cha plastiki.

Filimbi ikalia. Sitawaambia mengi kuhusu kilomita nne za mwanzo, maana nilizikimbia kama fundi anavyopiga misumari, mmoja, mwingine, mwingine. Watoto walinipita. Bibi mmoja mwenye kilemba alinipita, akaniombea. Redio alibaki nami, anaongea.

Kisha tukakunja kona, mlima huu hapa.

Nusu yake niliipanda vizuri. Halafu mapaja yakawa ya mtu mwingine. Hewa ninaivuta haifiki. Jasho limeniingia machoni, naona ukungu mweupe tu, na katikati ya ukungu ule nikaona kiti cha plastiki, mama mkwe amekaa wima, mikono magotini, amegeuza sikio barabarani. Mke wangu amesimama nyuma yake, mikono kichwani.

"Usisimame, fundi," Redio alikuwa akisema. "Fundi, usisimame. Hatua ndogo. Hatua ndogo tu."

Nikapunguza. Nikapunguza tena. Nilijua kabisa ninachokipoteza, nilimwona mama akipapasa kuta mpaka mwisho wa maisha yake kwa sababu ya mdomo wangu, na hata hivyo miguu ikakataa. Hatua moja zaidi ningekuwa natembea.

Mama mkwe akainuka. Kiti kikaanguka nyuma.

"Wee!" Sauti ile sijui aliitoa wapi, watu wote wa mlimani waligeuka. "Wee baba! Nasikia miguu yako inalala! Nani kakwambia utembee? Kimbia! Usinifanyie hivyo, mwanangu, kimbia!"

Nikakimbia. Sijui kwa nini, labda kwa sababu mkwe akikuamrisha hubishi. Nikampita nikilia waziwazi mbele za watu, mke wangu akakimbia pembeni yangu na viatu vyake vya kutokea, Redio anapiga vigelegele, nikavuka ule utepe wa mwisho na kujilaza kwenye majani.

Walimleta mama mkwe akiwa ameshikwa mkono. Akainama, akapapasa mpaka akaupata uso wangu.

"Mama," nikasema nilipopata pumzi, "ungenyamaza tu, ungeshinda."

"Najua." Akakaa palepale kwenye majani, na heshima zake zote. "Nilijipanga ninyamaze. Nimekaa pale nakuombea ushindwe, Mungu anisamehe. Nikasikia miguu yako inakata tamaa, nikaona sitaki. Sitaki mtu wangu akate tamaa." Akafuta jasho langu kwa ncha ya kanga yake. "Kisu siogopi, baba. Naogopa wanifungue kitambaa, nikute bado ni giza. Sasa hivi naweza kujiambia kwamba siku nikitaka nitaona. Wakishindwa, nitajiambia nini?"

Nikaushika mkono wake tu. Mimi, mwenye mdomo wangu. Mke wangu akapiga magoti akamkumbatia mama yake, na Redio naye, kwa mara ya pili tangu nimjue, akawa kimya.

"Nitakwenda," mama mkwe akasema. "Lakini mtakuwapo wote wawili wakati wa kufungua."

Tulikuwapo. Walianza na jicho la kulia. Kesho yake asubuhi muuguzi akafungua kitambaa taratibu, akamsafisha, akamwambia afumbue. Mke wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mkono wangu ameubana mpaka unauma. Mama mkwe akafumbua, akafumba, akafumbua tena. Akatazama dirisha. Akamtazama muuguzi. Kisha akamwona mwanawe, akamtazama sana, mpaka nikaanza kudhani haoni.

Akanyoosha mkono, mke wangu akamsogelea, mama yake akamshika nywele za juu ya sikio.

"Una mvi," akasema. "Mwanangu, umeota mvi, na hakuna aliyeniambia."

Mke wangu akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na mama yake akamvuta kichwa kifuani, akawa anazitafuta mvi zile moja moja kwa jicho lake. Mimi nilitoka. Nikasimama nje ya wodi nikalia kwa sauti, mpaka muuguzi mwingine aliyekuwa akipita akanishika bega, akanipa pole akidhani nimefiwa.