Gadi Hukaa Nyuma

Haya nitakayoyasema ni kweli tupu, na anayetaka kubisha na abishe akiwa kwake. Hakuna mtu hata mmoja katika nchi ile aliyetuambia kwamba treni ingekatwa katikati. Hakuna. Ningeambiwa, mimi gadi wa treni wa miaka thelathini na minne, si ningeelewa?

Ilikuwa siku ya mwisho ya likizo yetu ng'ambo. Watoto walituchangia safari baada ya mimi na mama yao kustaafu mwaka mmoja, na kwa siku sita mama yao alikuwa amenivumilia. Nilimpeleka makumbusho ya injini za mvuke mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza injini moja ilikuwa imefunikwa turubai. Nikampandisha mnara ambao lifti yake ilikufa tukiwa ndani, tukakaa humo mpaka nikaota ndevu. Yote aliyameza. Yeye alitaka kitu kimoja tu: maporomoko ya maji.

Mwalimu, maana hata wanetu humwita hivyo, alifundisha jiografia miaka ishirini na tisa. Kila mwaka aliyachora maporomoko yale ubaoni kwa chaki ya buluu, na kila mwaka hakukosa mtoto wa kuuliza, "Mwalimu, wewe umeyaona?" Naye akajibu, "Bado." Ile "bado" aliibeba mpaka akastaafu nayo. Sasa maporomoko yenyewe yalikuwa mwendo wa saa tatu kwa treni, na ndege yetu ya kurudi ilikuwa kesho yake asubuhi.

Stesheni alishika njia ya mabehewa ya mbele. Nikamvuta mkono.

"Tukae nyuma."

"Kuna nini nyuma?"

"Gadi hukaa nyuma. Huko ndiko unaiona treni nzima ikikata kona. Mbele wanakaa watu wasiojua treni."

"Wewe umestaafu, baba watoto. Na mimi ni abiria."

"Abiria wa gadi."

Akasonya, akanifuata. Tukakaa behewa la mwisho, kiti cha mwisho, mgongo ukutani. Kwenye stesheni kubwa ya njia panda tulisimama dakika kumi. Tulipoondoka nilikuwa namweleza namna ya kutambua breki mbovu kwa harufu, yeye akiwa na ramani mapajani.

"Mto unatakiwa uwe upande gani?" akauliza.

"Kulia."

"Ramani inasema kushoto. Na hata huko kulia siuoni."

"Aliyechora ramani hiyo hajawahi kupanda treni."

Milima ikazidi kuwa mifupi. Nikaiona ikifupika, nikarudi kwenye habari za breki. Treni ikafika mwisho wa reli, na mwisho wa reli palikuwa na kiwanda cha saruji. Vumbi lake, nyie. Njiwa alikuwa ametua juu ya uzio na hakuruka hata nilipomrushia jiwe. Nadhani alikuwa ameshaganda.

Nilitazama mbele kutafuta kichwa cha treni yetu. Tulikuwa na mabehewa manane. Sasa yalikuwa manne, yakivutwa na kichwa kingine. Yale manne ya mbele yalikuwa yamekwenda kwenye maporomoko.

"Wezi," nikamwambia Mwalimu. "Nchi hii wanaiba mabehewa. Nilishasikia."

Yeye alikwenda kwenye ratiba ya ukutani, akaifuata kwa kidole kama anayesahihisha daftari. Treni ya kurudi ilikuwa baada ya muda wa saa nne, na hiyo ndiyo ya mwisho. Akakaa kwenye benchi, akaikunja ramani vipande vidogo sana.

Basi hapo nikapandwa na hasira. Shirika gani la reli linakata treni bila kumwambia abiria? Niliomba kitabu cha malalamiko nikajaza ukurasa na nusu kwa lugha yangu, watajua wenyewe wa kuwasomea. Nikamfokea mfagiaji. Nikaipiga teke mashine ya kuuza maji, ikatoa chupa mbili. Nikampelekea Mwalimu moja.

"Niondolee," akasema.

Treni ya kurudi ilipokuja, gadi wake alikuwa yule yule wa asubuhi, mwanamke mrefu mwenye mvi za pembeni. Nikafungua gazeti ambalo sikuweza kusoma hata kichwa chake, nikajifunika uso. Lakini Mwalimu alikuwa ameshasimama. Lugha hakuijua, ila amefundisha kwa vitendo maisha yake yote. Akaonyesha maporomoko kwenye ramani, akajionyesha yeye, kisha akaikunjua mikono kuuliza: kwa nini hamkusema?

Gadi akamtazama, halafu akatazama gazeti langu. Akalishusha kwa kidole kimoja. Akakunja ngumi mbili akazigusanisha, akazitenganisha. Akaonyesha mbele. Kisha akaniiga mimi, kidevu juu, nikimpungia mkono aende zake.

Mwalimu akakaa taratibu.

"Ishara hiyo huijui?"

"Watu wa huku wana ishara nyingi…"

"Wajukuu umewafundisha kwa viberiti, sebuleni kwangu. Treni inakatwa. Huijui?"

"Naijua."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Msalani."

"Ukamjibu nini?"

Hapo nilitafuta uongo, nikaukosa kabisa. "Nilimwonyesha kitambulisho changu cha kustaafu."

Alicheka mara moja, cheko kavu. "Watoto ishirini na tisa, kila mmoja na mwaka wake, nikawaambia bado. Wewe ukaniuza kwa kiti."

"Miaka yote mimi ndiye nahamisha watu, Mwalimu. Sikutaka kuhamishwa."

"Sasa utahamishwa."

Tulipofika mjini hakuelekea hotelini. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya shirika la ndege iliyokuwa pale pale stesheni, akaweka tiketi yake mezani, akamwonyesha karani tarehe ya keshokutwa. Karani akaandika gharama kwenye karatasi. Mwalimu akaisukuma kwangu.

Nikachana bitana la koti. Humo nilikuwa nimeficha hela za saa ya mfukoni niliyoiona makumbusho. Nikazihesabu. Zilitosha tiketi moja.

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe kesho unaondoka. Mimi kesho nakaa behewa la kwanza."

"Watoto watauliza uko wapi."

"Watakuwa wameshajua. Nawapigia leo."

Akaipokea tiketi mpya, akaisoma tarehe mara mbili, akaiweka kwenye mkoba wake.

"Masanduku yote utakwenda nayo," akasema. "Lile kubwa gurudumu limevunjika. Utalibeba."

Nikalibeba.