Kilo Nane na Nusu

Bwana Kijiko aliurudisha mfuko wa kahawa Jumatatu asubuhi, akauweka juu ya meza ya kupakia taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa jirani kwao.

Jina hilo walimpa wateja wake. Alikuwa na mgahawa mtaa wa pili, na mfukoni mwa shati hakukosa kijiko cha kuonjea. Alionja supu, chai, mchuzi. Watu walisema alionja hata dawa ya kikohozi ya mwanawe kabla ya kumnywesha. Jengo lake lilibomolewa likajengwa upya, akakaa karibu miaka miwili bila mgahawa. Sasa alikuwa amefungua tena, na huo ndio mfuko wa kwanza aliouchukua.

"Dada, hii si kahawa yenu," alimwambia Shangazi, mwenye karakana ile ya kukaanga kahawa. "Ile ya zamani ilikuwa na utamu kwa mbali. Hii inakuchapa ulimi, halafu basi."

"Buni ni ile ile, Bwana Kijiko. Mashine ni ile ile."

"Na mkono?"

Wote wakageuka kumtazama Kimya, aliyekuwa amesimama kando ya mashine ya kukaangia akitamani ardhi ipasuke. Alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi. Magoti ya Shangazi yalipogoma, miaka miwili iliyopita, yeye ndiye aliyekabidhiwa mashine. Kabla ya hapo aliwahi kujaribu kuuza katika duka la nguo kwa wiki tatu. Wateja walikuwa wakiondoka kabla hajapata la kusema. Hapa hakuhitaji kusema. Alihitaji kutazama, kunusa na kungoja, na hayo aliyaweza.

"Alhamisi nitapita," alisema Bwana Kijiko. "Nitilieni mifuko mitatu, ya raundi tatu mbalimbali za kukaanga. Nitapika yote hapa hapa. Ikiwa kama zamani, na yote mitatu ikifanana, nitanunua kwenu kila wiki. La sivyo, tusilaumiane."

Alipotoka, Shangazi alibaki ameshika fimbo yake. "Mwanangu, sikufichi. Alhamisi tukiaibika, mashine nampa dada yako."

Dada yako maana yake Redio, bintiye Shangazi, aliyekuwa akifunga mifuko na ambaye hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza. "Mimi, Mama? Siku nikikaanga mimi, mtaa mzima utaita zimamoto!"

Kimya hakucheka. Alichota kahawa kutoka mfuko uliorudishwa, akaenda nayo dirishani.

Pale dirishani palikaa chupa ya kioo yenye punje zilizokaangwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba ile. Kila raundi ilipokaribia kuiva, mkaangaji alichota kijiko kimoja, akakilinganisha na chupa kwenye mwanga wa dirisha. Rangi zikilingana, anafungua mlango wa pipa, kahawa inamwagika kwenye sinia la kupozea. Kila mwanzo wa mwezi punje za chupani zilimwagwa kwa kuwa zimefifia, zikatiwa za siku hiyo. Na Shangazi alimwachia neno moja: "Ukiwa na shaka, acha izidi kidogo. Iliyozidi inanyweka. Iliyopungua ni majani."

Kimya alikuwa ameyafuata hayo neno kwa neno. Alizitazama punje za mfuko na punje za chupa. Zilifanana kama mapacha. Basi kosa liko wapi?

Mchana, Redio alipoenda kununua kamba, Kimya alichukua daftari la mizani. Kila raundi walipima buni inayoingia na kahawa inayotoka, ili wajue itajaza mifuko mingapi. Zilizoingia ni kilo kumi daima. Kwenye ukurasa wake wa kwanza, zilizotoka zilikuwa nane na nusu. Nane na nusu tena. Kurasa kadhaa mbele, nane na gramu mia nne. Mwaka jana, mia tatu. Wiki iliyopita, nane na gramu mia moja.

Ukisoma ukurasa mmoja mmoja, huoni kitu. Lakini Kimya aliukunja wa kwanza ukalaliana na wa mwisho, pengo likaonekana. Kahawa inapokaa motoni hupungua uzito. Ikizidi kukaa, inazidi kupungua. Kila mwezi aliilinganisha na chupa, akaacha izidi kidogo, kisha hiyo hiyo iliyozidi akaitia chupani. Mwezi uliofuata akaanzia hapo. Kidogo mara ishirini na nne.

Kulijua ni jambo moja. Kumwambia Shangazi ni jambo lingine, maana sheria ilikuwa ya Shangazi. Kimya aliosha vikombe vyote, hata visafi, akipanga maneno. Mwisho aliliweka daftari mapajani mwa Shangazi na kuonyesha kwa kidole.

Shangazi alisoma kwa muda mrefu. "Unataka kusema chupa yangu ni mwongo?"

"Ilisema kweli, Shangazi. Ila kila mwezi ilikuwa inaiga ya mwezi uliopita."

"Kama umbea wa mtaani," alidakia Redio mlangoni, kamba begani. "Unatoka hapa kwamba fulani kajikwaa, ukifika sokoni keshavunjika mguu, ukirudi tunaambiwa tuchangie matanga."

"Nyamaza, wewe." Shangazi hakumtazama binti yake. "Mimi mwenyewe nilikuwa nikibadilisha kila mwezi. Mbona yangu haikupotea?"

Kimya alikuwa amelifikiria hilo pia alipokuwa akiosha vikombe. "Wewe ile kahawa ulikuwa nayo ulimini. Mimi nilikuwa na chupa tu."

Shangazi alilifunga daftari. Aliangalia magoti yake, kisha mashine. "Haya," alisema. "Tafuta hiyo nane na nusu yako."

Jumatano Kimya aliiacha chupa bila kuitazama. Raundi ya kwanza aliifungua mapema kuliko alivyozoea, akapima: nane na nusu kamili.

"Hii imekaangwa au imeanikwa?" aliuliza Redio.

Shangazi alitafuna punje moja, akachukua ya pili.

Raundi ya pili ilikaa motoni dakika zile zile. Ikatoka nane na gramu mia tatu. Kimya aliduwaa, kisha akautazama mshale wa joto kwenye uso wa mashine. Raundi ya kwanza ilikuta pipa limepata moto kiasi. Hii ilikuta pipa linawaka.

"Pakia," alisema Shangazi. "Imezidi kidogo tu."

Redio alikuwa keshafungua mfuko. Kimya akauziba mdomo wa mfuko kwa kiganja. "Hapana, Shangazi. Hiyo kidogo ndiyo iliyotufikisha hapa."

Hata yeye alijishangaa. Redio aliurudisha mfuko mtupu mezani. Shangazi alivuta pumzi, akasukuma sinia kando kwa fimbo. "Endelea."

Alipunguza moto, akangoja mshale ushuke mpaka pale ulipokuwa wakati wa raundi ya kwanza. Ndipo akamimina. Nane na nusu. Akangoja tena. Nane na nusu.

Alhamisi Bwana Kijiko alipika kahawa kwa mkono wake, akamtaka Redio avichanganye vikombe yeye akiwa amegeukia ukuta. Alionja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akarudi cha kwanza. Kimya alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Nimepotea," alisema Bwana Kijiko. "Sijui kipi ni kipi. Na hii ndiyo niliyokuwa nikinywa hapa." Akakirudisha kijiko mfukoni. "Mifuko sita kila wiki. Akaange huyu huyu."

"Ndiye mkaangaji wetu," alisema Shangazi.

Wiki iliyofuata mama wa duka la kona, mteja wao, alikuja kwa hasira. Kahawa imekuwa nyepesi kama chai ya hospitali. Wateja wake wanataka ile kali waliyoizoea.

"Duh, mwingine tena!" alisema Redio.

Shangazi alimgeukia Kimya. "Mwanangu, yake tumwandikie ngapi?"

Kimya alichukua chaki. Ukutani, chini ya nane na nusu aliyomwandikia Bwana Kijiko, akaandika: duka la kona, nane na mia moja. Kisha akapima kilo kumi za buni.