Damu ya Moto ya Fundi Bati

Hapana, hakumpiga. Nani kakwambia alimpiga? Watu wa mtaa ule wakisikia mlango umefungwa kwa nguvu, kesho yake wanasimulia msiba. Fundi bati hakumgusa muuza rangi hata kwa kidole. Alimrushia ndoo tu, tena tupu, tena ikapita mbali. Lakini ndiyo hivyo, kwa ndoo ile wakamwita Baruti, na jina likamganda.

Mwenyewe wala hakuona haya. Ukimwambia, "Fundi, punguza hasira," anacheka, anajigonga kifua. "Si mimi, ndugu yangu, ni damu! Marehemu baba alikuwa moto, mimi nimerithi. Utamlaumu mtu kwa kurithi pua?" Agombane na mteja, damu. Avunje kikombe, damu. Mkewe alishachoka, akawa anasema damu ile ina kazi nyingi kuliko mwenye damu.

Sasa, binti yake akapata mchumba. Kijana wa maabara, mrefu, mpole, anakula kama anaomba ruhusa. Binti alimpenda, na hakuna aliyehitaji kuambiwa, maana alishaanza kuimba akisugua masufuria. Ila kijana yule kalelewa na shangazi yake, mshona sare, na shangazi asiposema ndiyo, hakuna harusi. Na shangazi alishasikia habari za ndoo. Akasema atakuja mwenyewe kuiona nyumba.

Asubuhi ya siku hiyo binti akamshika baba yake mkono. "Baba, nakuomba. Leo hiyo damu ibaki chumbani."

"Itabaki, mwanangu," akasema Baruti, na moyoni hakuwa na hakika hata kidogo.

Shangazi akaja, akakaa, akanywa maji, akaweka glasi chini. "Bwana fundi, mimi kuficha sijui. Nasikia hasira za hapa ni za kurithi. Wewe mwenyewe ndiye unayetangaza, mtaa mzima shahidi. Haya, kama wewe ulirithi kwa baba, binti naye karithi kwako. Na wajukuu wangu je? Watazaliwa wanarusha ndoo?"

Baruti akainua mkono ajigonge kifua, akaushusha. Ile ngao aliyojikingia maisha yake yote, leo imemwangukia mtoto wake. Akisema ni damu, anamkosesha binti mume. Akisema si damu, basi ile ndoo ni yake peke yake. Akamtazama binti. Binti anatazama kucha.

Kijana wa maabara akakohoa. "Shangazi, si hivyo kabisa. Vinasaba vinachangia, ndiyo, kwa wengine vinasukuma kidogo. Lakini hakuna kinasaba kimoja kinachorusha ndoo. Kuna malezi, kuna mambo mtu aliyoyaona utotoni..."

"Nyamaza wewe, nakuposea."

"Kwani utotoni aliona nini?" Aliyeuliza ni mama yake Baruti, bibi kizee, kakaa mlango wa jikoni anamenya vitunguu. "Wewe mwanangu, baba yako ulimwona lini anagomba?"

"Mama! Si nilikuwa namsikia! Nyuma ya karakana, paa! paa! paa! Sisi watoto tunaingia chini ya meza!"

Bibi akacheka mpaka kitunguu kikamponyoka. "Masikini ya Mungu! Lile lilikuwa bati bovu! Alilitundika ukuta wa nyuma. Mteja akimtukana, anamwambia, 'Samahani, nakuja,' anakwenda kulitwanga bati mpaka moyo utulie, ndipo anarudi kumjibu taratibu. Mtu hakuwahi kusikia neno baya kwa baba yako. Wewe ulichukua kelele, dawa ukaiacha ukutani!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Hata binti. Baruti hakujua uso wake auweke wapi.

Lakini shangazi si mtu wa kutosheka na hadithi. Akainuka, akaliendea sanduku la bati pale pembeni, ambalo Baruti alimtengenezea binti yake kwa ajili ya ndoa, kalinakshi maua, kwa mikono yake mwenyewe. Akaligonga, akainama, akafumba jicho moja.

"Hili nalo kifuniko kimekaa upande."

Mke wa Baruti akavuta jagi karibu yake, polepole. Mshipa wa shingo ya fundi ukasimama kama kamba ya kuanikia nguo. Midomo ikamcheza. Mwishowe ikatoka sauti ndogo, kama ya mtu aliyelaliwa na godoro.

"Samahani, shangazi. Nakuja."

Akatoka. Punde wakasikia huko nyuma, paa! paa! paa! Wamekaa wanasikiliza kama watu wanaosubiri mvua ipite. Inapungua, inarudi.

"Ana pumzi," akasema shangazi.

"Huyo anafuta madeni ya miaka mingi," akajibu bibi. "Mwache."

Aliporudi shati limelowa chepechepe. Akapiga magoti mbele ya sanduku, akatazama, akatazama tena. "Kweli," akasema. "Kimekaa upande. Kidogo sana, lakini kweli."

"Bawaba ya kushoto."

"Ya kushoto. Kesho nainyoosha." Akainua uso. "Na ile ndoo, shangazi, niliirusha mimi. Binti yangu hahusiki."

Shangazi akamgeukia binti. "Na wewe? Ukikasirika unafanyaje?"

"Napiga pasi. Nguo zote, mpaka mataulo."

"Mataulo!" Mshona sare akamkagua tangu utosi mpaka vidole, halafu kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Huyu namchukua. Hata kijana wangu asipomtaka, namchukua mimi."

"Namtaka, shangazi," kijana akawahi, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo.

"Usinipigie kelele! Kumbe na wewe umo! Haya, jamani, tunakula au tunaendelea kupimana damu?"

Viti vikavutwa. Bibi na shangazi wakagombania nani amkaribishe mwenzake kwanza, kila mmoja anajidai mpole zaidi, mpaka mke wa Baruti akawakalisha wote wawili kwa mabega. Kijana akapakuliwa, akasema inatosha, akaongezwa. Baruti akakaa wa mwisho, akatafuta kipande cha nyama kinono kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani ya shangazi.