Zamu ya Kushika Kamba

...nifungue vidole tu, si kazi, na huyu mwanamke ataenda kinyumenyume mpaka kwenye lile ziwa la kijani huko chini, jiwe la kwanza litampata kisogoni, la pili uti wa mgongo, na mimi nitapiga kelele kama wengine, nitasema kamba imeteleza jamani, viganja vilikuwa na jasho, nani atabisha... "Mama Kabula, umenishika?" Nimekushika, dada, namjibu, huwa namwita dada, jina lake lingine halipiti kooni mwangu. Ameegemea hewa, mgongo nje, miguu kwenye ukingo, kofia ngumu ya mradi imemshuka mpaka kwenye nyusi, kamba imefungwa kiunoni mwake, ikanizunguka mimi mgongoni na kuishia mikononi mwangu, basi, hakuna kingine, kamba ya akiba imesahaulika kwenye gari, mkufunzi wetu Ponsiano, mtu mzima mwenye mvi na filimbi shingoni, anacheka anasema kamba ya akiba ya nini, usalama wako ni mwenzako! Wakulima watano na wafugaji watano, tumepandishwa treni Ifakara, tukapita Mlimba, tukapita Uchindile, tukaletwa huku Tukuyu kupanda mlima uliowahi kutapika moto, kulala kwenye mahema, kukwaruzwa magoti na haya mawe meusi yaliyoungua, eti siku tatu za kutembea na kuning'inia zikiisha tutakuwa tumepatana. Likizo ya Kujenga Imani, ndivyo ilivyoandikwa kwenye fulana, na yangu inanibana kwapani. Imani! "Mama Ignas, legeza mgongo, tabasamu kidogo!" anasema Ponsiano, anataka picha ya wafadhili, anabonyeza simu, simu imejaa, "tulieni hapohapo, msisogee, nafuta picha za zamani..."

Mama Ignas. Kila wakimwita mama wanamwita na marehemu, siku tatu hizi nimelisikia hilo jina kwenye chai, kwenye foleni ya uji, kwenye hema, Ignas, Ignas, Ignas, na baba Kabula wangu hakuna anayemwita, baba Kabula yuko chini ya udongo na aliyemweka huko ni ukoo wa huyu, walikuja mchana kweupe siku ya nane baada ya kumzika huyo Ignas, kijana wao, walikuja na mapanga ya kufyekea, wakaanza na ng'ombe, wakawakata mishipa ya miguu ya nyuma, ng'ombe ishirini wamekaa chini kama mbwa, wanajaribu kusimama, wanalia, na baba Kabula akatoka na fimbo yake, panga la kwanza begani, la pili shingoni, nilimpakia bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, damu ikanishukia tumboni, mapajani, ikajaa viatuni, ilikuwa ya moto, na kabla hatujafika Kibaoni ikawa ya baridi, nikajua. Na huyu alikuwepo! Alisimama kwenye tuta la mpunga wake, mikono kichwani, mdomo ameufunga, wale walikuwa kaka zake, watoto wa shangazi yake, angesema jamani basi, inatosha, neno moja tu, wangemsikiliza, nani hamsikilizi mama aliyefiwa, hakusema, alinyamaza mpaka mwisho, aliua kwa kunyamaza, na leo natakiwa nimshike! Nifungue vidole. Kimoja kwanza. Hiki kidogo. Nimekifungua, naona kamba imepumua kidogo... "Bado, bado, hii nayo nifute?" Ponsiano anajiuliza mwenyewe, "harusi ya nani hii?" wengine wanacheka, "mzee, kanunue simu nyingine!" na jiwe limemeguka chini ya kiatu cha huyu niliyemshika, kijiwe tu, limeanguka na sijasikia lilipofika, mguu wake umeteleza, kamba imenivuta, imeniuma mgongoni, kisigino changu kimejikita chenyewe, vidole vyote vimefunga, vyote, hata kile kidogo, sikuviambia. "Yesu!" amesema. Ananitazama. Macho ya Ignas haya, yale yale, makubwa, yanaomba... usianze, Minza, najiambia, usianze na macho.

Ignas alikuwa anakuja kwangu kila asubuhi kuchukua maziwa. Shikamoo, Mama Kabula. Marahaba, baba, leo ni kidogo, ndama amenyonya. Siku ile niliona mtu anaswaga ng'ombe wetu kumi na mmoja kutoka kwenye mpunga uliokaribia kuvunwa, nikadhani mwizi, ndivyo nilivyosema, nilidhani mwizi, ndivyo nilivyomwambia hata baba Kabula... ulijua. Nilikuwa mbali. Ulimjua kwa mwendo, Minza, ulimjua hata kabla hajageuka, alikuwa na fito mkononi, mwizi gani anakuja na fito, ulijua anawapeleka ofisi ya kijiji kama wanavyofanya wakulima wote, na hasira ikakupanda, ng'ombe wetu waswagwe njiani watu wakiangalia, na huyu huyu anayekunywa maziwa yangu! Nikaweka mkono mdomoni nikapiga mwano, yowe letu la kuita watu mwizi akiingia. Nilitaka wamtishe tu. Lakini kwetu mwano ukishapigwa hauulizwi, kila mwanaume anayeusikia anatoka bomani mwake na fimbo, na mkuki, anakimbilia sauti, na aliyepiga mwano wa uongo anatengwa, haombi moto kwa jirani, watoto wake hawasalimiwi. Walimzunguka. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tuta, lilelile tuta, na yeye akaniona katikati ya miguu yao, akaninyooshea mkono, "Mama Kabula, waambie! Waambie unanijua!" na fimbo ya kwanza ikauvunja ule mkono alioninyooshea, nilisikia ukivunjika, na mdomo wangu... neno moja tu. Namjua, jamani, basi. Wangeuliza sasa mbona ulipiga mwano. Nikaogopa kutengwa. Nikanyamaza mpaka akanyamaza na yeye. Fimbo ziliendelea hata baada ya hapo, zilikuwa zinapiga kitu kilicholainika. Na kwenye kikao cha suluhu pale Mlabani mwenyekiti aliuliza nani alipiga mwano, wafugaji wote wakatazama sakafu, huyu akatutazama mmoja mmoja, aliponifikia mimi nilikuwa nafunga upya kilemba changu, miaka minne nafunga kilemba.

Sijamchukia kwa kunyamaza kwake. Nimemchukia kwa sababu nilisimama mimi kwanza pale aliposimama. Mungu wangu, aibu hii... nimezungusha kamba mara moja zaidi kwenye kiganja, inanikata, ikate. "Haya, nafasi imepatikana!" anasema Ponsiano, "tulieni, moja, mbili... aah, imejizima, subirini niiwashe, msisogee! Halafu tukimaliza mnabadilishana, Mama Kabula anaegemea, Mama Ignas anashika." Nimesikia. Anashika yeye. Nitamvuta ndani, atakanyaga hapa penye jiwe imara, ataifungua kamba kiunoni anifunge mimi, na kabla hajakaza fundo nitamwambia, si kwenye kikao, si mbele ya mwenyekiti, nitamwambia hapa, ni mimi niliyepiga, aliniita kwa jina, nikanyamaza. Halafu nitampa kamba mkononi. Halafu nitarudi nyuma mpaka ukingoni na kuegemea. Hewa ya shimo inapanda, ina baridi, inanuka majani yaliyooza, Ponsiano anapuliza simu yake kama anapuliza moto, na yeye bado ananing'inia pale, shingo imemkakamaa, midomo imemkauka. "Mama Kabula, umenishika?"

"Nimekushika, Mama Ignas."