Kitufe Chekundu cha Mwalimu

Fundi alikuwa ameshafufua televisheni zilizomwagikiwa na maji, zilizopigwa na radi, na moja iliyokaliwa na panya mwaka mzima, kwa hiyo hakuona ni vipi rimoti ingemshinda. Kumbe rimoti haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa yeye, na kulitambua kulimchukua siku tatu nzima, maana Fundi ni mtu mzuri sana lakini kichwa kigumu, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mkewe mtaa mzima ulimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Miezi miwili iliyopita alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala, ulimi ukawa mzito, neno likitoka linalofuata lazima alivute. Akili ilibaki ile ile. Binti yao, nesi, alikuwa amechukua likizo aje kumuuguza, na sasa likizo ilikuwa ukingoni.

"Baba, tuseme ukweli," binti alisema asubuhi moja. "Wewe unatoka saa mbili, unarudi saa saba. Hapo katikati Mama anabaki na nani? Nitaondoka naye."

"Uondoke na mke wangu?"

"Niondoke na mama yangu."

"Mimi... nipo," Mwalimu akasema kutoka kwenye kiti chake. "Mnanijadili... kama meza."

Wote wawili wakaona haya. Lakini binti hakuwa anatia chumvi. Kwenda msalani kwa mkongojo Mwalimu alishaweza, na maji aliwekewa karibu. Kilichomponza ni televisheni. Wiki iliyotangulia rimoti zilimchanganya, moja ya televisheni, nyingine ya king'amuzi, ya tatu ya feni, akaamua kuinuka aende kuiwasha kwa mkono. Alianguka kifudifudi, na tangu siku hiyo binti hakutaka kusikia la mtu.

Wakakata kauli. Jumamosi ingekuwa mtihani. Fundi angekwenda karakana kama kawaida, binti angekaa jikoni asitoe hata pua, na Mwalimu angebaki sebuleni peke yake hadi saa saba. Akiweza kuwasha televisheni yake bila kuanguka, anabaki nyumbani kwake. Yeyote akiingia kumsaidia, Mwalimu anafungasha, anaondoka na binti.

Fundi akaleta rimoti moja inayoweza kufanya kazi za rimoti zote. Aliielekeza uso kwa uso na zile za zamani, akaifundisha amri moja baada ya nyingine, kisha akazifunga zote kwenye kitufe kimoja chekundu. Ukikibonyeza mara moja tu, kinawasha televisheni, kinasubiri sekunde sita maana hiyo televisheni ni mzee na huamka kwa manung'uniko, kinawasha king'amuzi, kinawasha feni, kisha kinatafuta chaneli ya taarifa ya habari. Alikijaribu mara kumi. Mara zote kumi kilikubali.

"Haya, mama, bonyeza uone maajabu."

Mwalimu akainua rimoti kwa mkono wa kushoto, akabonyeza. Televisheni ikawaka. Lakini mkono ule ulichoka upesi, ukashuka mapajani kabla sekunde sita hazijaisha, na amri zilizobaki zikaenda kupiga zulia. King'amuzi kililala fofofo.

"Shikilia juu!"

Akabonyeza tena. Sasa, kitufe cha kuwasha ndicho hicho hicho cha kuzima. Televisheni, iliyokuwa imewaka, ikazimika. King'amuzi, kilichokuwa kimezimika, kikawaka. Akabonyeza mara ya tatu, na ya nne, kila mara vikabadilishana. Vilikuwa vinapishana kama watu wawili mlangoni.

"Subiri, subiri, lete hapa," Fundi akasema, akampokonya. Akabonyeza kidude kidogo kilichoandikwa TV, kinachoifanya rimoti iiamuru televisheni peke yake, kisha kitufe cha kawaida cha kuwasha, mambo yakakaa sawa. "Unaona? Jamani, si unashikilia tu!"

Ikawa hivyo siku ya kwanza, na ya pili. Yeye anakaripia, mkono unashuka, anapokonya, anatengeneza. Siku ya tatu Mwalimu akaweka rimoti chini na machozi yakamtoka. Hapo Fundi akanywea. Katika ndoa yao yote aliyaona machozi ya mkewe mara mbili, na zote ni misibani.

"Umewahi..." Mwalimu akasema, akatulia, akavuta neno. "Umewahi kuniuliza?"

"Kukuuliza nini?"

"Nataka... kutazama nini."

"Si taarifa ya habari? Tumetazama habari miaka thelathini na minane!"

"Siipendi."

"Miaka yote hiyo?"

"Ulikuwa... unafurahi."

Akakaa chini kwenye zulia, pale pale zilipokuwa zikiishia zile amri. Akauliza, mara hii akisubiri jibu. Ndipo alipojua kwamba mkewe anapenda wanyama, tena siyo vipepeo, anapenda simba akimkamata swala. Akajua feni inamuumiza bega lililolala, na siku zote tatu alikuwa akivumilia upepo ili asiharibu kazi ya watu. Akajua pia kuwa mkono hauwezi kukaa juu zaidi ya pumzi mbili, hata afokewe namna gani.

"Nisamehe, mke wangu," akasema. "Nimeipangia rimoti mkono wangu, siyo wako."

Akafuta amri ya feni. Akabadilisha chaneli. Akachonga kipande cha ubao, akakifunga kwa skrubu kwenye mkono wa kiti, akaikaza rimoti juu yake ikielekea vyombo, hata mtu akitingisha kiti isingehama. Sasa kazi ilikuwa kubonyeza tu. Mwalimu akabonyeza, simba akatokea, akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. Fundi aliupenda upande huo siku hiyo kuliko alivyoupenda mdomo wote siku ya harusi.

Jumamosi akaenda karakana, lakini mwili tu ndio uliokwenda. Alifungua redio ya mtu, akaifunga bila kuigusa. Mteja akaleta pasi, akaambiwa arudi Jumatatu. Saa nne umeme ukakatika. Dakika kumi baadaye ukarudi, na king'amuzi kilichokuwa mezani pake kikajiwasha chenyewe, ilhali televisheni iliyo kando ikabaki imelala.

Hilo hakuwa amelifikiria. Kule nyumbani king'amuzi kimeamka, televisheni imelala, na kitufe chekundu kitavichanganya mpaka jioni.

Alifika mbio hadi dirishani kwake, mtaa wa pili, viatu vimejaa vumbi. Ndani, Mwalimu alibonyeza. Televisheni ikawaka, king'amuzi kikazimika, kioo kikawa bluu tupu. Akabonyeza tena. Vikapishana. Fundi akashika kitasa cha mlango, akakiachia. Akiingia, amemwondoa mkewe nyumbani kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha Mwalimu akaweka kiganja kwenye mkono wa kiti na kujiinua kidogo, kama siku ile aliyoanguka. Usiinuke, mama, usiinuke, tafadhali, Fundi akasema bila sauti.

Mwalimu akatulia. Akajirudisha taratibu kitini. Akaiinamia rimoti, akaikagua kama alivyozoea kukagua daftari la mtoto aliyekosea, akitafuta ni wapi hasa alipopotelea. Kidole kikakipita kitufe chekundu, kikatambaa hadi kwenye kile kidude kidogo kilichoandikwa TV. Akabonyeza. Kisha cha kuwasha. Televisheni ikanung'unika, ikaamka, na simba huyo, anamnyatia swala.

"Ingia," Mwalimu akasema bila kugeuka. "Kivuli chako... kimejaa pazia."

Fundi akaingia. Binti naye akatoka jikoni, macho mekundu. Alikuwa ameuma kanga mdomoni asije akapiga kelele.

"Mama, nani amekufundisha hicho?"

"Yeye. Kila akininyang'anya... nilikuwa natazama."

Binti akajifuta machozi, akacheka. "Haya. Nimeshindwa. Mama anabaki. Lakini Baba, hii ni saa nne na nusu. Karakana umemwachia nani?"

Fundi alitaka kutunga uongo, wakati wa kuutunga akaukosa. Alisimama katikati ya sebule, fundi mzima wa nywele nyeupe.

"Yeye anaweza kubaki peke yake," akasema. "Nimeona. Ni mimi nisiyeweza."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akanyoosha mkono wa kushoto, akamshika shati, akamvuta mpaka akakaa kando yake.

"Jumatatu," akamwambia, "tutaanza... na wewe."