Mgeni Hewa

Sabitri alikuwa amejaza fomu za vibali kwa miaka tisa katika ofisi ya safari ya Bosi Ishwor, huko Thamel, mtaa wa watalii katika mji mkuu wa Nepali, juu ya duka la viatu vya kupandia milima. Viza ya kuingia Nepali haikumsumbua. Mgeni aliipata palepale uwanja wa ndege, mradi awe na picha yake na pasipoti yenye miezi sita mbele. Tabu ilikuwa Lo, kule juu kunakopakana na Tibet. Huko hakuendeki bila kibali cha pekee, na kibali hicho hapewi mtu mmoja. Lazima wageni wawe wawili, na kiongozi mwenyeji wa kuwatangulia.

Katikati ya mvua za Agosti akaja mzee Damdin, daktari wa mifugo kutoka Mongolia. Alikuja peke yake, na mkoba wa ngozi unaonuka dawa ya kwato. Alitaka kuona mbio za farasi za Lo kabla magoti yake hayajamgomea, na mbio zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

"Mwandikie wa pili," Bosi Ishwor alisema, macho yake kwenye simu. "Yule Mfaransa wetu aliyekwenda Chitwan kutazama vifaru, si nakala ya pasipoti yake ipo hapo?"

Mtu wa namna hiyo ndiye waliyemwita mgeni hewa. Jina lake huingia kwenye kibali, ada hulipwa, na kule kwenye kituo cha ukaguzi kiongozi husema kwamba wa pili kabaki hotelini, tumbo linamsumbua. Sabitri alishaandika wageni wa namna hiyo mara tano au sita. Hakuna aliyeibiwa, ndivyo alivyojiambia, na serikali imepata chake.

Kiongozi wa safari hiyo alikuwa Diki, mzaliwa wa Lo, mwanamke mfupi mwenye mashavu yaliyobabuliwa na upepo. Alikuwa ameketi dirishani na chai yake. Akakiweka kikombe chini.

"Mimi na mtu wa hewa siendi, bosi."

"Kwani nimekwambia umbebe mgongoni? Hana hata uzito."

"Anao." Diki hakupandisha sauti. "Mwaka ule theluji ilipowahi kuanguka, kibali cha watu fulani kilisema wageni wawili. Akapatikana mmoja. Watu wa kijijini kwetu wakamtafuta wa pili siku mbili nzima, theluji iko kiunoni. Binamu yangu alikatwa vidole vitatu vya mguu vilivyoungua kwa baridi. Na huyo wa pili alikuwa Pokhara, anaendesha mtumbwi ziwani. Hakujua kwamba jina lake liko mlimani."

Kalamu ya Sabitri ilisimama juu ya karatasi.

"Kibali kile kilitoka ofisi gani, dada?" aliuliza.

"Sikuuliza. Hata ningejua, ningefanya nini?"

Sabitri alijaribu kukumbuka ni mwaka gani huo, na alikuwa amejaza majina gani. Hakukumbuka, na kutokukumbuka huko ndiko kulikomuuma.

Bosi alikuna shingo. "Haya, wewe msafi. Nakupa siku tatu umtafute huyo wa pili mwenye nyama na mifupa. Usipompata namwandika Mfaransa, na kiongozi nitachukua mwingine."

Kesho yake Diki alifungua mwavuli kwenye lango la ofisi ya uhamiaji, mzee Damdin pembeni yake, akawa anamsimamisha kila mgeni anayetoka peke yake. Siku ya kwanza wote walikuwa wakielekea Everest. Siku ya pili kijana mmoja alikubali, akaenda kumpigia simu mamaye, akarudi amekataa. Muuza chai wa langoni alipata la kusema.

"Dada, kama unatafuta mchumba, si ungeanza na mimi?"

"Una pasipoti ya kigeni?"

"Sina."

"Basi huna faida. Niongezee maziwa."

Siku ya tatu Sabitri hakuweza kukaa ofisini. Alibeba faili la Damdin na kumfuata Diki langoni. Alimkuta amelowa hadi magotini na bado anauliza, kwa adabu ileile, kama ndiyo kwanza anaanza. Sabitri alimtazama, akaona haya.

Saa sita na nusu akatoka mama mmoja wa Kipolandi, mpana, nywele za mvi zimekatwa kama za askari, fomu imekunjwa ngumini. Aliitwa Halina, mfuga nyuki. Dirishani wamemwambia Lo haendi mtu peke yake.

Diki alimweleza. Halina akamkagua Damdin kuanzia kofia hadi viatu.

"Anakoroma?"

"Kila mtu na hema lake," Diki alisema.

Mzee hakuyaelewa vizuri maneno hayo, akanong'ona kitu kwa Kirusi, peke yake. Halina akageuka na kumjibu kwa Kirusi. Wote wawili walikuwa wamelazimishwa lugha hiyo shuleni, na wote hawakuipenda, lakini sasa iliwatoka kama maji. Dakika kumi baadaye walikuwa wakibishana kama farasi anaogopa nyuki kweli ama ni uzushi tu.

Sabitri na Diki walipopeleka fomu dirishani, ofisa mwenye miwani alisoma kila mstari, kisha akairudisha karatasi ya Halina. "Viza ya huyu mama inaisha siku nne kabla hamjarudi. Kibali hakiwezi kudumu kupita viza. Aongezewe kwanza."

Diki alifumba macho. Lakini hapo walikuwa wamefika kwenye kazi ya Sabitri. Aliijua ofisi hiyo kama jiko la mama yake: ngazi ipi haina foleni, dirisha lipi linafungwa mapema, mpiga picha gani hakawii. Alijaza fomu ya kuongeza siku akiiegemeza kwenye mgongo wa Diki, akamburuta Halina kwa mpiga picha, akalipa, akasubiri, akarudi mbio na pasipoti ambayo muhuri wake haujakauka.

Ofisa aliigeuzageuza. "Na wageni wenyewe wako wapi?"

Swali hilo Sabitri alishaulizwa mara nyingi, na kila mara alikuwa na hadithi. Safari hii alisogea pembeni tu.

"Hao hapo nyuma yangu, bwana. Wawili."

Ofisa alinyoosha shingo, akahesabu, akagonga muhuri.

Walirudi baada ya siku kumi na sita, Halina pua imebambuka kwa jua. Diki alisimulia kwamba mzee Damdin aliona mbio nusu saa tu. Muda wote uliobaki alikuwa zizini akitoa msumari kwenye kwato ya farasi wa watu, huku Halina akimshika mnyama masikio.

Mwezi uliofuata akaja Mkorea mmoja, peke yake, anataka Lo. Bosi Ishwor alifungua kinywa, lakini Sabitri alishasimama, mwavuli mkononi.

"Naenda langoni," alisema. "Diki yuko huko tayari."

Bosi akamgeukia Mkorea. "Huu ndio utaratibu wa ofisi yangu," alimwambia. "Nimeubuni mwenyewe."