Ita Mara Tatu

Novemba ya mwaka 2001, mvua zilipoigeuza Kitengela kuwa tope jeusi la kung'ang'ania viatu, Wamalwa alianza kulala na firimbi shingoni. Siku ya kwanza mkewe Nelima alimcheka, akamuuliza kama siku hizi amekuwa refa wa mpira. Siku ya pili hakucheka tena. Alikuwa na mtoto wa wiki mbili kifuani, na nyumba ya jirani yao Ochola ilikuwa mita mia moja tu kutoka kwao.

Kwa Ochola wezi walikuja na lori. Walilisimamisha mbali kidogo, wakazima taa, kisha wakamtanguliza mwanamke mlangoni. Mwanamke akakohoa, akalia kidogo, akaomba maji ya mtoto. Ochola, na huruma zake zile, akafungua. Majirani waliposikia purukushani walitoka na tochi, lakini Ochola mwenyewe akapiga kelele kutoka ndani, "Ni wageni tu, rudini mlale!" Wakarudi wakalala. Hawakujua kwamba wakati akisema hivyo panga lilikuwa shingoni mwake. Kulipokucha nyumba ilikuwa tupu hadi mapazia, na Ochola alikuwa amepungukiwa vidole viwili.

Jumapili wenye ploti wote walikutana uani kwa Mbithi, mwenyekiti wao, wakatunga sheria. Kila nyumba iwe na firimbi. Ukisikia mtu nje usiku, ita mara tatu: "Nani?" Asiyejibu ni mwizi, piga firimbi. Firimbi ikilia, kila mwanamume atoke na alicho nacho, Lesiamon mlinzi atangulie na rungu lake. Na firimbi ikishalia, mwenye nyumba apige kelele atakavyo, aseme ni wageni, aseme ni malaika, asisikizwe. Aliyependekeza hilo la mwisho alikuwa Wamalwa, na watu walimpigia makofi. Yakumbuke makofi hayo.

Wamalwa alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha Athi River, na mtu wa stoo akishaogopa, anapanga. Aliomba atolewe zamu ya usiku ili awe nyumbani giza linapoingia. Alizungusha makopo matupu ya maziwa kwenye waya wa ua, yalie mtu akigusa. Alimwita fundi akatia chuma kizima nyuma ya mlango na kufuli mbili. Kila jioni alisukuma cherehani ya Nelima ikaegemea mlango huo, kisha akaficha funguo ndani ya debe la unga, ili mwizi akimkamata asizipate mfukoni.

"Na kukiwa na moto?" Nelima aliuliza.

"Moto hauji na lori," alijibu Wamalwa, akajiona amesema neno la maana sana.

Kuna jambo moja ambalo mpango wake haukuligusa. Mtoto wao alikuwa bado hana jina. Jina lilikuwa linakuja na mama yake Nelima kutoka Kimilili, na Nelima alikuwa amemwandikia barua kabla ya mambo ya Ochola. Alimweleza njia: shuka Kitengela stendi, uliza njia ya tangi la maji, nyumba ya tatu ina mabati mekundu. Alimweleza pia kwamba angelala kwa jirani yao, Mama Apondi, kwa maana kwao Wabukusu mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Wala hawatazamani usoni, wala hawapeani mikono, wala hawajibizani. Katika miaka sita ya ndoa Wamalwa alikuwa amemwona mama huyo mara mbili, na mara zote mbili aliona mgongo tu na kitenge kilichovutwa kufunika kichwa. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na Wamalwa aliipenda, maana ilikuwa na utaratibu.

Mwisho wa barua Nelima aliandika: usiwe na wasiwasi, baba mtoto yuko zamu ya usiku hadi mwisho wa mwezi. Mama alitarajiwa Jumamosi.

Alhamisi usiku, saa tano kasorobo, lori lilisimama barabarani.

Wamalwa alilisikia kabla halijasimama. Alikaa kitandani. Mlango wa lori ulifunguliwa, ukafungwa, kisha injini ikaondoka polepole kuelekea machimbo ya mawe. Alisubiri. Upepo wa uwandani ulikuwa unapiga mabati. Mtoto alilia kidogo, Nelima akamtia titi haraka akanyamaza.

"Umesikia?" alinong'ona Wamalwa.

"Nimesikia. Si limeenda?"

"Limeacha watu."

Makopo yakalia. Si yote, matatu au manne upande wa nyuma, pale waya ulipolegea. Kisha zikasikika nyayo zikinyofoka topeni, moja, halafu nyingine, bila haraka, zikizunguka nyumba kuelekea dirisha la chumba chao. Wamalwa aliogopa, tusimsitiri, aliogopa hadi akasahau jina la mwenyekiti. Lakini mpango ulikuwepo, na mpango ndio uliomsimamisha. Alichukua panga chini ya godoro. Alimwashiria Nelima aingie na mtoto kati ya kabati na ukuta, kama walivyofanya mazoezi.

Nyayo zikasimama chini ya dirisha. Kidole kikagonga ubao mara mbili, polepole, namna mtu anavyogonga akitaka mmoja tu wa waliomo ndani asikie.

"Nani?" Wamalwa alinguruma.

Kidole kilikoma ghafla. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyejibu.

"Nani hapo?"

Mtu akakohoa, kikohozi chembamba, cha kuzuiwa na kiganja.

"Baba," Nelima alinong'ona kutoka nyuma ya kabati, "huyo ni mwanamke."

"Hata kwa Ochola alikuwa mwanamke. Hata huyo alikohoa."

"Lakini wa Ochola aliongea. Huyu mbona haongei?"

Lilikuwa swali zuri, na Wamalwa hakuwa na nafasi nalo. Alikuwa amebakiza kuita mara moja. Alivuta pumzi na kuita mara ya tatu kwa sauti yake yote, "Wewe ni nani? Jibu!" Akahesabu hadi tano kichwani. Hakujibiwa. Akaweka firimbi mdomoni akaipuliza mpaka masikio yakamuuma.

Firimbi ya Mbithi ikaitikia. Ya Ochola ikaitikia. Milango ikaanza kufunguka ploti hadi ploti, mbwa wakabweka hadi ng'ambo ya mto, na sauti za wanaume zikaanza kukusanyana gizani. Wamalwa alisikia joto la ushindi likimpanda. Kilichobaki kwenye mpango kilikuwa kumulika, ili wanaokuja waone wa kupiga. Akafungua ubao wa dirisha kiasi cha kiganja, akatoa tochi.

Nje alisimama mtu mmoja. Miguuni pake kulikuwa na kikapu, na kutoka kwenye kikapu kichwa cha kuku kilichungulia. Mtu huyo hakukimbia mwanga. Aliuona ukimfikia, akavuta kitenge kufunika kichwa, akageuka taratibu na kumpa dirisha mgongo.

Wamalwa aliutambua mgongo huo.

Mwizi hakugeuzii mgongo ukiwa na panga. Anakimbia, au anakuja. Katika dunia nzima alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angemulikwa na Wamalwa usiku, akisikia firimbi na vishindo vya miguu, na bado akaona la kwanza ni kuficha uso wake kwa heshima. Ndiyo maana hakujibu. Alikuja kumwita binti yake, akijua mwenye nyumba yuko kazini, ikatoka sauti ya mkwe wake. Angemjibu vipi?

"Ni mama!" Wamalwa alipiga kelele dirishani. "Jamani, ni mama! Ni mgeni! Msipige!"

"Usisikize!" Mbithi alijibu kutoka gizani, karibu kuliko Wamalwa alivyodhani. "Wamemshika! Ndivyo walifanya kwa Ochola! Zungukeni nyuma!"

Wamalwa akakimbilia mlango. Cherehani ilikuwa imeegemea hapo. Aliisukuma ikakwama kwenye sakafu aliyoipasua fundi wa chuma, akaivuta, ikamwangukia mguuni. Funguo! Alitia mkono kwenye debe la unga, akachota unga, akamwaga, akachota tena. Nelima alikuwa ametoka nyuma ya kabati na mtoto begani, anamwita mama yake kwa mayowe ya Kibukusu, "Mayi! Mayi!" na mtoto naye analia, na huko nje vishindo vimefika uani na makopo yote yanalia kwa pamoja. Funguo akazipata. Kufuli ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakataa, mikono yake ilikuwa nyeupe na inateleza. Hakuna mwizi ambaye angeweza kuingia nyumba hiyo, na mwenyewe hakuweza kutoka. Alilia. Mtu mzima, mtunza stoo, alilia mbele ya kufuli aliyoinunua mwenyewe.

Ikakubali.

Alizunguka nyumba bila viatu. Tochi nne au tano zilikuwa zimemkusanyia mama huyo mwanga kwenye kona ya ua, na bado alikuwa amewapa wote mgongo, paji lake limegusa waya. Lesiamon ndiye aliyekuwa mbele. Rungu lilikuwa limeshapanda. Wamalwa hakuwa na muda wa kusema. Alipita chini ya mkono wa Lesiamon, akamkumbatia mama mkwe wake kwa mikono yote miwili, akamfunika na mwili wake.

Rungu likashuka begani mwake. Alisikia mfupa ukivunjika kabla ya kusikia maumivu.

"Wacheni!" Lesiamon alipiga kelele, akawazuia wengine kwa rungu lile lile. "Wacheni! Ni mwenye nyumba huyu! Wamalwa, huyu umeshika ni nani?"

"Ni mama ya Nelima."

Mbithi alishusha panga. Mtu mmoja nyuma akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea kuua, na akaulizwa na Ochola kama anaona sinema. Lesiamon hakucheka. Aliangalia mikono ya Wamalwa ilipo, kisha akageuza uso wake pembeni kabisa, kwa maana hata kwao Wamaasai mwanamume hamgusi mama ya mkewe, na alielewa alichokiona.

"Zimeni tochi," alisema kwa upole. "Zimeni, muache mama atoke."

Gizani mama akajitoa mikononi mwa mkwe wake. Hakuwa ameguswa na rungu wala panga. Lakini alipojitoa alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyeungua, akaketi chini topeni, na Nelima alipomfikia akakataa kuinuliwa mpaka Wamalwa alipoondolewa pale.

Mama alilala kwa Mama Apondi, kama ilivyopangwa, ila hakulala. Alimweleza Nelima yote. Basi liliharibikia Gilgil, wakafika Nairobi jua limezama. Alikuja siku mbili mapema kwa sababu aliota mtoto analia. Stendi ya Kitengela alipata dereva wa lori la mawe, mtu mzuri, akamsogeza mpaka kwenye tangi. Mlango wa Mama Apondi hakuujua gizani, lakini mtoto alilia, naye akaifuata sauti ya mtoto.

Nelima alimwekea mtoto mapajani. Mama akaficha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mikono yangu haiko sawa," alisema. "Imeshikwa. Siwezi kumshika mtoto nayo, na siwezi kutaja jina kama sijamshika. Mpaka wazee nyumbani watengeneze hii maneno."

"Mama, umetoka Kimilili yote hiyo. Mshike tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Alfajiri ya Ijumaa Wamalwa alikuwa amekaa kitandani, bega limefungwa kwa leso, akisubiri gari la kumpeleka hospitali. Ubao wa dirisha ulikuwa bado wazi kiasi cha kiganja. Alisikia nyayo topeni, zile zile, bila haraka, zikizunguka nyumba. Hakuuliza kitu. Aligeuka akaelekeza uso ukutani, akawapa dirisha na aliyekuja mgongo wake. Nyayo zikasimama.

"Nelima," mama alisema nje, ingawa Nelima alikuwa jikoni na mama alijua wazi kwamba yuko jikoni. "Huyo mtu aliuliza jana usiku. Aliuliza mara tatu na nikanyamaza, na si vizuri mtu kuuliza kwake asijibiwe. Mwambie ni mimi."

Wamalwa alifungua mdomo. Alikuwa na mpango wa kila kitu katika nyumba hiyo, lakini wa kumjibu mama huyu hakuwa nao, na desturi haikumruhusu. Alibaki amekaa hivyo, machozi yakimshuka hadi kwenye kamba ya firimbi, hadi nyayo za mama, aliyekuwa akirudi Kimilili, zilipofika barabarani.

Jumapili, kwenye mkutano, Mbithi alitangaza kwamba firimbi ya Wamalwa iliitikiwa ndani ya dakika mbili na nusu, na kwamba sheria inafanya kazi. Watu walipiga makofi. Wamalwa hakupiga, mkono mmoja ulikuwa kwenye plasta. Nelima aliyekuwa amekaa kando yake aliinuka na mtoto wake, ambaye bado hakuwa na jina, akaenda nyumbani.